Homa Iliyoshukia Miguuni

Migongo ya kijiji kizima cha Kedungsari, Bibi Sarinten aliijua. Upepo ukimwingia mtu mwilini, yaani akishikwa na mafua na baridi, alikwenda kwake, akalala kifudifudi mkekani, akapakwa mafuta na kukwaruzwa kwa sarafu kuukuu mpaka mistari myekundu itoke. Watoto hawakwaruzwi. Wao hupakwa vitunguu vilivyopondwa katika mafuta ya nazi, kisha hukandwa.

Kwa hiyo mjukuu wake Ratri alipoanza kutoka kamasi, Bibi hakushtuka. Homa iliyokikumba kijiji mwezi uliopita ndiyo iliyokuwa homa! Mtu asubuhi yuko shambani, mchana anatetemeka kitandani, mifupa yote inamuuma. Hii ya Ratri ilikuja kwa kunyatia: kamasi, tumbo, kutapika, joto la kupanda na kushuka.

"Kijiupepo tu hiki," alimwambia mkwewe Wening, mama yake Ratri. Akamkanda mtoto mgongo na tumbo, akamalizia miguu. Homa ikaondoka. Bibi akavimba kichwa kidogo, tusimfichie.

Asubuhi Ratri akashuka kitandani, akapiga yowe, akakaa chini. Alipoinuliwa alitembea kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta. Ukimgusa mashavu ya miguu, analia.

"Mama, umemfanya nini mwanangu?" Wening alifoka. "Nani alikutuma ukande miguu? Ilikuwa inamuuma?"

"Nilimkanda taratibu, mwanangu."

"Taratibu! Vidole hivyo vinavyoliza wanaume wazima? Usimguse tena. Nasema usimguse!"

Ukali wa mkwe Bibi angeuvumilia. Kilichomkata maini ni kwamba hata yeye aliamini ni mikono yake iliyomuumiza mtoto. Ndani ya gari la jirani, njia nzima kwenda zahanati, alificha mikono chini ya kitambaa chake kama mwizi.

Daktari, binti mdogo tu, alimwingiza Ratri kijiti cha pamba puani, akauliza rangi ya mkojo wake, akaambiwa ni wa kawaida. Kabla Wening hajafungua mdomo, Bibi akasema, "Ni mimi, daktari. Nimemlemaza mtoto."

Daktari akasubiri majibu ya kipimo kwanza.

"Haya ni mafua makali ya aina B, Bibi. Yale ya mwezi uliopita tuliyapima, yalikuwa A. Kwa kutazama tu ni shida kuyatofautisha, yote yana homa, kikohozi na maumivu. Ila B kwa watoto mara nyingine ina vituko vyake. Homa ikishaaga, ndipo miguu inauma, mtoto anakataa kutembea. Hata kama hakuguswa na mtu."

"Hata kama hakuguswa?"

"Hata kama. Apumzike, anywe maji, baada ya siku chache atakimbia. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mrudisheni upesi. Na wewe Bibi, kwa sasa usimkande."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Jamani, kumwambia Sarinten akae na mtoto anayeumwa asimkande!

"Bibi, nikande," Ratri alibembeleza nyumbani. "Kidogo tu, hatumwambii daktari."

"Mjanja wewe. Lala." Bibi akaikalia mikono yake. Wening alimwona kutoka jikoni, akataka kumwomba radhi, badala yake akaendelea kukoroga uji.

Ratri akapona, akarudi kufukuza kuku. Lakini Bibi hakuishika tena sarafu. Majirani wakija, aliwarudisha: "Mikono imechoka." Uongo mtupu. Alikuwa anaiogopa mikono hiyo.

Kisha Wening naye akaanza kamasi, kichwa, baridi. Mchana mmoja alikuja akatandika mkeka mbele ya mama mkwe wake, akalala kifudifudi, akapandisha blauzi. Sarafu alikuwa ameichukua mwenyewe juu ya kabati.

"Mama, upepo umeniingia."

"Nenda kwa daktari."

"Nimetoka huko, dawa nimekunywa. Sasa naitaka mikono yako."

Bibi akaipokea sarafu.

"Nilikukosea, Mama," Wening alisema, uso ukiwa mkekani. "Kwaruza."

Bibi Sarinten akamimina mafuta. Machozi yakamdondokea mkwewe mgongoni, naye akayasugua humo humo pamoja na mafuta.