Zamu ya Njiwa

Kila asubuhi, kabla hajaenda studio, mpiga picha aliyepanga chumba cha uani alimwaga mtama kwenye sinia bovu lililofungwa juu ya nguzo ya kuanikia nguo, kisha akachuchumaa nyuma ya pipa la maji na kamera yake. Kazini alipiga picha za pasipoti, kwa hiyo hata ndege aliwaamrisha vilevile: kidevu juu, usicheke, masikio yaonekane. Walitii, isipokuwa kwenye masikio.

Picha hizo alimpigia mama mwenye nyumba. Mama alikuwa na watoto watatu waliohamia mbali, na wa nne, mtoto wa jicho, ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani. Ndege wa sinia aliwasikia tu. Ili awaone, ilibidi picha ikuzwe mpaka ienee mlango wa kabati, naye aisogelee kama anayetaka kuinusa.

Jumatatu moja aliisogelea picha ya njiwa.

"Huyu ni kifungua mimba wangu," akasema.

Mpangaji akatazama. Kweli, njiwa alikuwa na uso wa mwanamume wa makamo, sharubu upande mmoja zimenyolewa zaidi kuliko mwingine.

"Amenenepa," mpangaji akasema.

"Hata kwenye simu anasikika amenenepa."

Kesho yake chiriku akatoka na uso wa binti wa kati, mdomo wazi, na shomoro akatoka na uso wa kitinda mimba, akitazama pembeni kama mtu aliyeulizwa habari za kazi. Mama akaagiza mchele uchanganywe kwenye mtama, kwa sababu kitinda mimba tangu utotoni ana madeko ya chakula.

Mpangaji alizituma picha kwa simu ya mama kwenye kundi la familia. Watoto hao walikuwa na utaratibu wa kumtembelea mama kwa zamu, kila mmoja na mwezi wake. Utaratibu ulikuwa mzuri sana. Aliyekosekana ni mtu wa kuja tu.

"Ni mimi kabisa," akaandika kifungua mimba. "Ila upande huo haunipendezi."

"Kaka, upande unaokupendeza ni upi?" akajibu binti wa kati.

Kifungua mimba aliuliza picha ilipigwa lini, akakuta ni ndani ya mwezi wake. "Basi zamu yangu nimeshaitimiza," akaandika. Hakuna aliyepinga, maana kila mmoja alikuwa na picha yake.

Kuanzia hapo, mama alipopiga simu kuuliza watakuja lini, walimjibu kwa upole: "Mama jamani, si nilikuwa hapo juzi? Nimekula mpaka nikamwaga." Mama alikiri kwamba ni kweli. Mtama ulikuwa unaisha upesi.

Hospitali ikampangia siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Sharti lilikuwa aje na ndugu wa damu wa kumngoja na kumrudisha nyumbani, kwa sababu jicho lingefungwa, na lile jingine halikuwa la kutegemea. Mpangaji akajitolea.

"Wewe nenda kazini, baba," mama akasema. "Watoto ninao."

Mwezi ulikuwa wa kifungua mimba. Aliandika kwenye kundi kwamba mama asiwe na wasiwasi, atakuwepo.

Siku yenyewe njiwa alimngoja kwenye geti la hospitali, akatua begani. Pale mapokezi nesi akauliza, "Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu wa kwanza."

Nesi akamlinganisha na picha kwenye simu, akaridhika, akamwonyesha njiwa benchi na kumwomba asidonoe godoro. Njiwa akakaa kwa adabu. Upasuaji ulikwenda vizuri.

Mama alitoka jicho limefungwa bandeji, akipapasa ukuta.

"Nishike mkono, mwanangu."

Njiwa akatua kwenye kidole chake. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba kila baada ya hatua chache mama alilazimika kuuliza kama bado yupo.

Nje ya geti, muuza mahindi alikuwa amepasukiwa na gunia, punje zimetapakaa barabarani.

Baadaye kifungua mimba aliandika kwenye kundi: "Mama nimeshamtoa hospitali, salama kabisa. Mwezi ujao ni zamu ya nani?" Ujumbe ulilia ndani ya mkoba wa mama, ukingoni mwa barabara, ambako alikuwa bado amesimama, kidole amekinyoosha.