Maua ya Sebule ya Elkana

Jumanne saa tatu asubuhi fundi Bitutu alipanda juu ya meza, akapima ukingo wa dari katika sebule ya Elkana, huko Macalder, mji wa wachimba dhahabu. Mita ishirini na mbili na nusu. Kati ya ukuta na dari palikuwa na ufa wa upana wa kidole, umezunguka chumba kizima, na ndani ya ufa huo wanaume walikuwa wakizungumza.

"Wako chini ya nyumba," alisema Truphena, mke wa Elkana, akimshikia utepe wa kupimia. "Sauti inapandia ndani ya ukuta, inatokea hapo juu. Ndiyo maana mzee anataka kornisi ya kuziba huo ufa, nyar Kisii, binti wa Kisii wewe. Jumamosi tuko na wageni."

Bitutu aliandika vipimo. Nyumba ilijengwa juu ya shimo la dhahabu la Elkana lililoporomoka miaka minne iliyopita. Elkana aliapa kwamba siku hiyo hapakuwa na mtu ndani, kwamba vijana sita wachimbaji wake walivuka mpaka kutafuta kazi Tarime. Akamwaga zege, akajenga. Mmoja wa hao sita alikuwa Mosoti, mdogo wake Bitutu.

Vumbi lilimkereketa kooni, akakohoa.

"Bitutu?" sauti iliuliza kutoka kwenye ufa. "Hicho kikohozi ni chako."

"Ni changu."

"Mama mzima?"

"Mzima. Aliambiwa uko Tarime."

"Mwambie siko Tarime."

Truphena aliendelea kushika utepe, macho yake chini.

Elkana alitaka kornisi nene, isiyo na tundu hata moja. Bitutu alimchorea maua, akayapenda. Nyumbani alikoroga jipsamu, akaimimina kwenye kalibu, na kabla haijakauka akatoboa moyo wa kila ua kwa njiti ya kiberiti. Alhamisi alibandika vipande vyote akaziba viungo, kisha akaweka mdomo kwenye ua la pembeni na kunong'ona, "Kesho anakuja kukagua. Msiseme kitu."

Ijumaa Elkana alipanda ngazi, akaweka sikio kwenye ua la kwanza, akashuka, akasogeza ngazi, akapanda tena. "Nikisikia hata pumzi, unabomoa yote," alisema. Bitutu alisubiri chini na ndoo yake. Kwenye ua la kumi na saba, mtu akakohoa ndani ya ukuta. Bitutu naye akakohoa papo hapo, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka.

Elkana aligeuka, akamtazama.

"Vumbi, mzee," alisema Bitutu.

"Funga mdomo basi." Akasogeza ngazi.

Jumamosi wageni waliketi. Bitutu alikuja na mama yake, Nyakerario, na Truphena akawafungulia mlango wa jikoni bila kuuliza. Pasta alipoanza kuombea chakula, maua yakaanza kusema. Wanaume sita walitaja majina yao, mmoja baada ya mwingine, na majina ya baba zao, na vijiji walikotoka. Mosoti alikuwa wa nne. Wageni walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, na wa sita alipomaliza wakasema amina.

Naibu wa chifu alijipakulia samaki. "Mtu akiwa hai, anakuja ofisini mwenyewe kujiandikisha," alisema. "Akiwa amekufa, jamaa walete cheti."

"Lakini hii kazi ya mkono ni safi," alisema mwalimu mmoja, akitazama juu. "Fundi ni nani?"

Nyakerario alikuwa ameshaingia sebuleni, akasimama chini ya ua la pembeni. "Mosoti," aliita.

"Mama."

"Umekonda?"

"Sijioni, mama. Huku ni giza."

Elkana aliweka kijiko chini. Bitutu alijikaza, akingoja afukuzwe pamoja na mama yake. Elkana alifikiri, akajifuta mdomo.

"Mama aje Jumanne na Alhamisi," alisema. "Saa tatu mpaka saa sita. Apitie jikoni, na kukiwa na wageni asije."

Nyakerario alimshukuru.

Tangu hapo anafika siku hizo mbili. Truphena humwekea kiti chini ya ua la pembeni, naye humweleza Mosoti nani ameolewa, nani amezikwa, na mahindi yamefika wapi. Mwezi uliopita alikuta sakafu imewekwa vigae vipya juu ya lile zege, vyeupe, vinavyoteleza. Sasa huvua viatu mlangoni na kutembea polepole.