Mkono wa Mjumbe wa Baleni

Asubuhi ile Mwanasiti alikaa kizingitini akifumua mshono wa bega la kulia la kanzu ya mumewe, maana mume alikuwa amerudi jana kutoka barazani Chole na mkono wake wa kulia haukutaka kushuka. Ulikuwa juu, umenyooka, kiganja wazi. Haukumuuma. Alilala nao, akaamka nao. Mwanasiti alikata uzi kwa meno, akasema, "Inama nikuvishe." Mume akainama, kanzu ikapita, mkono ukatokeza pale penye tundu jipya, na kazi ikawa imekwisha.

Hiyo ilikuwa miaka ya Wadachi, kabla ofisi ya serikali haijahamia Kilindoni. Mume huyo, Shamte bin Ameir, alikuwa mjumbe wa Baleni. Baraza likiitwa, alipanda punda mpaka ufukweni, akavushwa Chole, akakaa na wajumbe wa miji mingine mbele ya Mdachi mkuu wa pale, ambaye watu walimwita bwana shauri. Kazi yake ilikuwa kupeleka maswali ya watu wake, na kunyanyua mkono inapoulizwa nani amekubali. Masurufu ya safari aliyachangiwa na mji: mchele, nazi, kuku, hata majani ya punda.

Lakini Baleni wenyewe hawakuwa na desturi ya kuhesabu mikono. Zamani shauri likizuka, watu walikaa kwenye mikeka nje ya msikiti, buli la kahawa likizunguka, kila mtu akasema lake. Aliyenyamaza ndiye aliyeulizwa: "Na wewe je? Mbona kimya?" Hapo ndipo alipovuma Shamte. Tangu chuoni, akisoma Kurani, alikuwa muulizaji, mpaka mwalimu alikuwa akimwambia, "Mwanangu, bakisha na wenzako wapate la kuuliza." Ndiyo maana wakamtuma yeye.

Safari ile alibeba swali moja tu, la Bi Kidawa. Mwanawe Bi Kidawa, Muhidini, alichukuliwa pamoja na vijana wengine kwenda Kua, ng'ambo ya maji, kubeba mawe ya magofu, ijengwe nyumba mpya ya serikali. Waliambiwa mwezi ukiandama watarudi. Mwezi ukaandama, ukaandama tena, mpaka watu wakaacha kuutazama. Kuvuka kwenda kuwaona kulitaka ruhusa, na ruhusa haikutoka. Kila asubuhi Kidawa alipita penye kifuo cha mwanawe, kile kijiti chenye ncha alichokuwa akifulia nazi huku akiimba kwa sauti mbovu. Majirani walikuwa wakimpigia kelele anyamaze. Sasa hata majirani walikuwa wakipita pale taratibu, kama watu wanaotega sikio.

Kabla ya safari Shamte alipita kwake kuaga.

"Shikamoo, dada Kidawa."

"Marahaba. Swali umelishika?"

"Nimelishika. Vijana walioko Kua watarudi lini."

"Basi kaliulize. Usinirudishie lilelile."

Ndipo aliporudi na mkono juu. Kidawa alikuja akamkuta amekaa barazani kwake na kanzu yake ya tundu. Aliutazama mkono, akauacha.

"Ilikuwaje?"

"Tulikaribishwa wali kwanza," Shamte akasema.

Kidawa akakaa chini. Hapakuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Watu wa Baleni walilelewa hivyo: ukila chumvi ya mtu, siku hiyo humuulizi neno la kumkera. Unangoja kesho. Lakini baraza la Chole halikuwa na kesho. Wali ulipakuliwa asubuhi, wali wa nazi na nyama ya mbuzi, na sahani zilipoondolewa bwana shauri akauliza nani amekubali vijana wakae Kua mpaka nyumba iishe. Wajumbe wote walikuwa wamekula. Wote wakanyanyua mikono. Wenzake waliishusha wakanawa.

"Kwa hiyo umemfunga mwanangu kwa tonge la wali."

"Nilikuwa nangoja kesho, dada."

Jumanne mkwezi alikuwa akipita na kamba yake begani. Akasimama. "Mjumbe, kama ndiyo hivyo, njoo usimame chini ya mnazi wangu. Utanipunguzia nusu ya kupanda." Watu wakacheka, na Shamte naye akacheka. Kidawa hakucheka.

Mwenye mwana na asikie. Kabla hujamtuma mtu na swali lako, mtazame kwanza anavyokula kwa watu.

Mji ukauzoea mkono. Mwanasiti alimlisha mumewe matonge kwa mkono wake. Msikitini, Shamte aliposujudu, mkono ulinyooka mbele, na mtu wa safu ya mbele alijisogeza kidogo ukapata nafasi. Mvua ikinyesha, maji yalishuka nao mpaka kwapani, akawa wa kwanza kulowa.

Baraza lilipoitwa tena, Kidawa aliwahi alfajiri. Alikuwa amemchinja mtetea wake, yule aliyebaki, akampika kwa nazi, akamfunga kwenye jani la mgomba pamoja na mihogo ya kuchemsha.

"Haya ni masurufu yangu mimi, si ya mji," akasema. "Ule chako. Mtu aliyekula chake hana deni la adabu."

"Hili nimelielewa, dada."

"Mara ya kwanza pia ulielewa."

Shamte alifika Chole akakaa na furushi lake mapajani. Alitaka kula, lakini mkono wa kulia ulikuwa juu, na kwa wa kushoto mtu hali mbele za watu. Akakaa hivyo. Ussi, mtumishi wa baraza, mtu mwema kabisa, akamwona.

"Masikini, mjumbe! Karibu nikulishe."

"Ahsante, nina changu."

"Chako hakikimbii. Bismillahi."

Akaleta tonge la wali mpaka mdomoni. Mkono wa kukataa ulikuwa juu. Kumsukuma mtu kwa mkono wa kushoto ni tusi. Shamte akafungua kinywa, akala, na Ussi alifurahi akamlisha mpaka sahani ikaisha. Bwana shauri alipotoka alitupa jicho, akaona mkono wa Baleni uko juu tayari. Shauri lenyewe lilisomwa baadaye: vijana zaidi waende Kua.

Kuku alirudi vilevile ndani ya jani lake. Kidawa alimfungua, akanusa, akampa paka.

Homa ilimchukua Shamte kabla ya Maulidi. Waoshaji walitoboa sanda begani kama Mwanasiti alivyofumua kanzu. Wakamlaza ubavu wa kulia, uso kibla, wakafukia. Asubuhi mkono ulikuwa nje ya udongo kuanzia kiwiko, kiganja wazi. Wakausafisha, wakazungushia mawe, wakaenda mashambani.

Kidawa alikuwa akimshonea Muhidini kofia ya vito, ile ya vitundu vya kudariziwa. Alipoimaliza aliifua, akaenda kuianika kwenye mkono ule, kwa kuwa pale makaburini jua lilikuwa zuri. Akakaa kando.

"Sasa uliza, Shamte," akasema. "Sasa huli cha mtu."

Upepo uliichezesha kofia. Zamani, saa kama ile, angekuwa anasikia ile sauti mbovu toka kwenye kifuo, na jirani akiipigia kelele inyamaze.

Ussi alikuja kutoka Chole kuuliza kwa nini Baleni haikuleta mjumbe. Wakamwonyesha kaburi. Alisoma Fatiha. Kisha, kwa heshima, akaitoa kofia ili mkono uonekane vizuri, akaikung'uta, akampa Kidawa kwa mikono miwili.

"Pole, mama."

"Nishapoa. Nenda kamuulize bwana wako, vijana watarudi lini?"

"Mama, mimi nimetumwa kumtazama mjumbe tu."

Aliutazama mkono, mbele na nyuma. Ulikuwa juu. Akaaga, akashika njia ya ufukweni, na jioni Chole wakaambiwa kwamba Baleni wamekubali.

Kidawa aliipapasa kofia. Ilikuwa bado mbichi. Akairudisha kwenye mkono wa Shamte.