Kurasa Zilizokatwa

Mzee Yan hakuwa msomaji, ila kitabu chenye jina la bintiye Peiru jaladani alikisoma mpaka kikalegea. Kilikuwa kitabu cha sayansi kwa watu wa kawaida, Peiru amekitafsiri kutoka Kiingereza, na mzee alinasa kwenye sura moja tu, ile ya mshipa wa jicho uliokufa ukaota tena. Presha ya macho ilikuwa imeshamla jicho la kushoto. Akawa anakwenda na kitabu nyumba ya chai, na wenzake wa mchezo wa mahjong wakimwona mlangoni wanaguna: haya, macho mapya hayo yanakuja.

Kumbe kwa Kiingereza sura haikuishia pale. Mwandishi alikuwa ameongeza kurasa kadhaa za kukiri kwamba hayo yote yalifanyika kwa panya, na kwa binadamu bado sana, kwa hiyo mgonjwa asiache tiba aliyonayo. Mhariri, Bi Gu, alimpigia Peiru simu, akimwita mwalimu kama wanavyoitana watu wa kazi hiyo, akamwambia msomaji anachoshwa na habari za bado hatujui. Sura ifungwe kwenye matumaini. Peiru alijua si sawa, alijua vizuri sana! Lakini miaka yote alikuwa akitafsiri vitabu vinavyotoka kwa jina la profesa wake, na hiki kilikuwa cha kwanza kutoka kwa jina lake. Akazikata.

Daktari wa kule kwao Chengdu alitaka kumpasua mzee aokoe jicho lililobaki. Mzee akakataa, na kwa simu akamwambia bintiye kule Beijing kuwa macho hayajambo, achape kazi.

Peiru alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya mwaka mpya, baba alimmiminia chai nje ya kikombe. Peiru akamshika mkono, akamuuliza kwa nini hakwenda hospitali.

"Nilikuwa naisubiri ile dawa ya kwenye kitabu chako," baba alisema. "Umeandika wewe, ningehangaika na kisu cha nini?"

Roho ilimuuma Peiru. Alikwenda kuchukua kitabu cha Kiingereza mkobani, akakaa karibu na baba, akaanza kumtafsiria kwa mdomo kurasa zile, sentensi baada ya sentensi, hadi pale panaposema mgonjwa asiache tiba aliyonayo. Madonge ya unga wa mchele ya sikukuu yalipoa bakulini.

"Mbona hiyo inaeleweka," baba alisema. "Hata mimi ningeielewa. Nani aliitoa?"

"Mimi, baba."

Mzee alipapasa meza mpaka akaupata mkono wa bintiye.

"Wa nyumba ya chai usiwaambie," alisema. "Nimeshawaapia kwamba mwanangu hakosei."