Kaa Walivyomchimbua Mchimba Mitaro

Jumanne saa nne asubuhi, mtaro wa maji taka uliokuwa ukichimbwa nyuma ya hoteli ya ufukweni uliporomoka na kumfunika mchimbaji ambaye wenzake walimwita Sururu. Nyapara alikuwa ameombwa mbao za kuzuia kuta mara tatu, akasema zinakuja. Wenzake walichimba hadi jioni. Mchanga waliotoa ulirudi wote. Kesho yake nyapara alimpelekea mke wa Sururu pole za kampuni.

Kaa walianza kazi Alhamisi. Walipanda kutoka ufukweni kiubavuubavu, kama mia mbili hivi, wakachagua pa kuanzia hatua kumi kutoka mtaroni. Mke wa Sururu aliketi kwenye ndoo akawatazama. Kila kaa alishuka, akapanda amekumbatia donge la mchanga mbichi kwa miguu ya upande mmoja, akalirusha mbali na mlango, akashuka tena. Hawakuchimba wima. Walikwenda kwa mteremko, wakakata kona, wakafuata mchanga wenye unyevu, ule unaoshikana, na kuta wakazishindilia kwa miguu hadi zikawa laini kama shavu. Jua lilipochoma waliziba mlango, wakapumzika ndani.

"Hawa ni mafundi," mke alimwambia dada yake aliyemletea chai.

"Wanasemaje?"

"Hawana maneno mengi."

Jumapili alasiri Sururu alitoka kwa magoti, mchanga umejaa masikioni.

"Umekonda," mkewe alisema, akimshika mkono asiuachie.

"Kaa wa kwanza alikuwa humo humo chini, akanifikia Jumanne ile ile, mchanga ukiwa bado unamiminika. Akanichimbia nafasi ya pua, halafu ya kifua. Kufika jioni nilikuwa na chumba, mke wangu. Kina ubaridi, na maji yanachuruzika pembeni. Miaka kumi na tisa nachimba. Sijawahi kukata kona kama ile. Niliona haya."

Jumatatu alirudi kazini, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Alimwomba nyapara mbao, na kama hakuna mbao, basi wachimbe kwa mteremko, kama kaa.

"Mchoro unasema wima," nyapara alijibu. Hata hivyo alikwenda kuliangalia shimo la kaa. Aliingia hadi kiunoni, akapapasa ukuta, akagonga kwa kidole, akatoka akitikisa kichwa kwa heshima.

"Kazi safi kabisa," alisema. "Sasa wewe mbao za nini tena? Ukifukiwa, si watakutoa?"

Sururu alichukua koleo lake.

Kufika saa sita wachimbaji wanane walikuwa mita tatu chini ya ardhi, kuta zimesimama wima pande zote mbili. Kaa walikuwa wameshajipanga ukingoni, kundi moja juu ya kila mtu, wakikunjua miguu.