Hedi ya Lori la Zilpa

Callistus Wabwire alifunga hedi kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, akauzungusha mara tatu, akaitikisa. Haikucheza. Ilikuwa hedi ya lori lake kuukuu la dizeli, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, na ilikuwa imepinda kwa joto. Matthew, fundi wa mashine upande wa Uganda, alikuwa ameukata uso wake wa chini mpaka ukang'aa kama sahani mpya.

"Ssebo, hapa nimefika mwisho," Matthew alisema akipangusa mikono. "Hii chuma haina nyama tena. Ukiirudisha, mimi sikati. Peleka kwa watu wa skrepa."

"Siirudishi. Jumapili lori inatembea."

Jumapili ilikuwa kumbukumbu ya marehemu mkewe, Zilpa, kule Sigalame. Callistus alikuwa amewaahidi akina mama wa kanisa kwamba wangekwenda kaburini kwa lori lile lile lililomleta Zilpa akiwa bibi harusi. Alijitia kitanzi mwenyewe, lakini angefanya nini? Watoto wako Nairobi, wanapiga simu sikukuu. Zamani akitengeneza lori, Zilpa alikaa nyuma yake juu ya debe, akimpa spana kwa namba na kumsimulia habari za soko. Sasa uani alibaki yeye na injini, na injini haina habari za soko.

Alisukuma baiskeli hadi mpakani. Asubuhi alikuwa amevuka bila kuandikisha chochote, kama alivyovuka tangu utotoni kwenda kwa wajomba, kunyolewa, kununua ndizi. Kwake kule kulikuwa ng'ambo tu, kama ng'ambo ya barabara. Haikumjia kabisa kwamba chuma chake mwenyewe kingehitaji ruhusa ya kurudi nyumbani.

Kwenye kizuizi alisimama afisa kijana wa forodha, mgeni, kifuani kaandikwa Quinton.

"Boss, simama. Hiyo spea imetoka Uganda. Karatasi iko wapi?"

"Ni yangu. Ilienda kukatwa tu, inarudi."

"Asubuhi uliandikisha ikitoka?"

"Kijana yangu, mimi nimezaliwa hapa. Hata bibi yangu nilimtoa hapo ng'ambo na lori ya hii hedi, na hakuna mtu aliniuliza karatasi."

Watu kwenye foleni walicheka. Quinton naye akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Callistus baadaye.

"Sawa mzee. Weka hapa mezani, niiandikishe, halafu uende. Chukua muhuri dirisha ya pili."

Dirisha la pili lilikuwa na watu ishirini na karani mmoja aliyekuwa akinywa chai. Huku nyuma Quinton alijaribu kubandika karatasi ya namba, ikateleza kwa mafuta. Akajaribu chaki, ikagoma. Basi akaigeuza hedi, akatafuta mahali pasafi, akachukua bisibisi.

Callistus aliporudi alikuta tarakimu sita, kubwa, zimekwaruzwa kwa nguvu kwenye uso ule uliong'aa, kutoka tundu la maji hadi panapokalia silinda.

"Nimeweka pahali inaonekana," Quinton alisema. "Hata siku ingine ukivuka nayo, hakuna mtu atakusumbua."

"Hapo ndio gasketi inakalia," Callistus alisema. Alipitisha kidole juu ya mikwaruzo. "Hapo maji itapita iingie ndani. Umeniua, kijana."

"Ni alama tu, mzee. Serikali lazima iweke alama. Na sijakutoza hata shilingi. Next!"

Aliijaza karatasi iliyopigwa muhuri kule dirishani, akampa. Mwisho wake iliandikwa: Hali ya bidhaa, nzuri.

Jumamosi nzima Callistus alisugua zile tarakimu kwa jiwe na mafuta. Nne zilififia. Mbili zilikuwa zimezama mno. Aliifunga hedi hivyo hivyo, kwa ukaidi, akajaza maji, akawasha. Injini ilinguruma, mara ya kwanza kwa miaka minne, na kwa dakika tatu alifurahi mpaka akacheka peke yake. Kisha ukaja moshi mweupe, ikakohoa, ikazima. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Alimpigia simu Phelister, mwenyekiti wa akina mama.

"Tafuteni gari ingine, mama."

"Woi, pole mzee. Basi utakuja na sisi. Tutasongeana."

"Nitaangalia," alisema, akakata.

Alifuta mikono kwa ile karatasi yenye muhuri, pande zote mbili, mpaka maandishi yakapotea. Kisha akapanda kwenye bampa, akainama tena juu ya injini kuanza kuifungua.

"Nipe kumi na saba," alisema, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Mkono ulikaa hewani. Baadaye aliteremka akaichukua spana mwenyewe.