Mabadiliko Kumi na Manne

Shemeji akiondoka asubuhi, intaneti nayo inaondoka, maana iko kwenye simu yake. Kompyuta inabaki mezani, na mimi nabaki na mtoto wa dada mgongoni.

Nimeishia darasa la saba. Kazi hii ya kompyuta nilijifunza kwa macho, miaka miwili nimesimama nyuma ya kiti chake nikibembeleza mtoto. Kuna programu ya kupanga foleni za zahanati. Ya asili wanayo wenyewe walioitunga, huko mbali. Anayetaka kusaidia anachukua nakala yake, anarekebisha, halafu anawaomba waipokee. Nakala ya shemeji imo humu kwenye mashine. Mchana narekebisha mimi, jioni anatuma yeye. Kila badiliko hubeba jina la aliyelifanya, na mashine ilikuwa imewekwa jina lake.

Mwezi huu niliweka langu. Nilijua hatazami, anabonyeza tu.

Kifurushi chake cha intaneti kikaisha, wiki mbili hakutuma, kazi ikarundikana. Jana akarudi na kifurushi kipya, anapiga mluzi.

"Shemeji, umenipikia mangapi?"

"Kumi na manne."

"Weee! Hebu niyapitie. Kesho nahojiwa kazi, na wataniuliza kuhusu haya, lazima nijue nimefanya nini."

Mluzi ukakatika.

"Hili jina lako linatafuta nini hapa?"

"Aliyefanya ni mimi."

Dada akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Mdogo wangu, akikosa kazi hiyo, wewe na mimi tutalala wapi?"

Shemeji akabofya huku, akabofya kule. Jina halikutoka, hajui linatokaje. Akainuka, akanisogezea kiti.

"Badilisha mwenyewe."

Sikuwahi kukikalia kiti kile akiwa nyumbani. Iko amri ya kugeuza yote kwa mkupuo. Mimi nikageuza moja moja, kila moja nikilisoma hadi mwisho. Lile la wazee kutangulia. Lile la mapacha, waliokuwa wakihesabiwa mtoto mmoja.

"Bado tu?"

"Bado matatu."

Nilipofika la mwisho, akainama juu ya bega langu, akabonyeza kwa kidole chake. Yakaenda.

"Mmemaliza?" dada akauliza.

"Tumemaliza," shemeji akajibu.

Dada akanifunga mtoto mgongoni. Fundo akalikaza mara mbili.